Nambari Iliyo Chini ya Kompyuta Yenu

Mazungumzo na wawakilishi wa vikundi vya vijana na vya akina mama kutoka Kisii na Nyamira

Nimeombwa nizungumze juu ya kitu kidogo sana ambacho wengi wenu mmekaa nacho nyumbani miaka miwili au mitatu bila kukiangalia. Ni nambari ya kompyuta ya mkononi, hii tunayoiita laptopu, na ambayo watoto shuleni wanafundishwa kuiita kipakatalishi. Sitasema juu ya kuitumia, maana hayo vijana wananishinda. Nitasema jinsi ya kuitambua, ili siku ikipotea uweze kusimama mbele ya afisa na kusema hii ni yangu, na uaminike.

Kwanza tuondoe shida moja ya lugha. Mafundi na wauzaji wanaiita nambari hii "siriali". Sasa mama mmoja, mweka hazina wa kikundi, nilipomwomba aniandikie siriali ya kompyuta yao alikataa kwa heshima kabisa. Akaniambia, "Mwalimu, nambari ya siri haiandikwi mahali. Hata ya M-Pesa tuliambiwa tusimpe mtu." Tulicheka pamoja, lakini yeye alikuwa amesikia neno "siri", na kwa neno hilo alikuwa sawa. Nambari ya siri ya M-Pesa ni ya kuweka kichwani. Siriali ni kama nambari ya kitambulisho chako cha taifa: inaandikwa, inatunzwa, na inatolewa mahali pa haki inapohitajika. Kiwanda kinaweza kutoa laptopu elfu moja za rangi moja na jina moja, lakini kila moja inapewa nambari yake peke yake. Kwa hivyo leo nitaiita nambari ya mashine, tusichanganyikiwe tena.

Kwa nini tujisumbue? Kuna kikundi cha vijana upande wa Nyamira, jina lake sitalitaja. Walikuwa na laptopu tatu za kufundishia wenzao. Mbili walinunua kwa mchango wao wenyewe, shilingi hamsini hamsini, na ya tatu walipewa na mgeni aliyewatembelea kutoka ng'ambo. Desemba moja, watu wakiwa kwenye sherehe, dirisha likavunjwa na zote tatu zikaenda. Baada ya wiki chache wakasikia kwamba polisi wamepata mzigo wa televisheni na kompyuta katika nyumba ya kupanga. Wakakimbia huko. Afisa akawafungulia chumba, wakaona laptopu kumi na moja, na tano kati ya hizo ni Dell nyeusi, zimefanana kama mayai ya kuku mmoja.

Akawauliza, "Haya, zenu ni zipi?" Kijana mmoja akasema yetu ina mkwaruzo hapa pembeni. Afisa akamwonyesha kwamba zote zina mikwaruzo. Mwingine akasema ndani kuna picha zetu. Ikawashwa, ndani kumefutwa kila kitu. Zile karatasi za jina la kikundi walizokuwa wamebandika juu zilikuwa zimebanduliwa zamani.

Kilichowaokoa ni kitabu cha mweka hazina wao. Msichana yule siku ya kununua zile mbili aliandika bei, na kando ya bei akaandika nambari ya kila mashine, kwa sababu alizoea kuandika kila kitu anachokiona kwenye karatasi. Hakuambiwa na mtu. Kitabu kikaletwa, mashine zikageuzwa, nambari zikasomwa moja moja mbele ya watu. Mbili zikalingana. Zilirudi kwao baada ya kutumika kama ushahidi. Ile ya tatu, ya zawadi, haikuwa na risiti wala barua wala nambari iliyoandikwa popote. Wana hakika walikuwa wakiiangalia pale mezani. Ilibaki pale pale. Na mimi siwezi kumlaumu yule afisa, maana kama angempa kila anayesema "ni yangu", mtu wa kwanza kufika angebeba zote kumi na moja.

MAHALI NAMBARI ILIPO

Zima mashine, ifunge, igeuze chini juu. Hapo utaona karatasi ndogo ya kubandika, au maandishi madogo yaliyochapwa kwenye plastiki yenyewe. Tafuta herufi S/N, au neno "Serial". Mara nyingi HP huwa na herufi na tarakimu kumi, na Lenovo nane. Dell wao wana desturi yao: wanaiita "Service Tag", nayo ni herufi na tarakimu saba. Usiseme Dell yangu haina nambari kwa sababu hukuona S/N. Laptopu za zamani ambazo betri yake hutoka, ondoa betri kwanza, maana mara nyingi karatasi imejificha humo ndani.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa hivyo nitakaa kidogo. Chini ya mashine kuna nambari nyingi. Kuna P/N, ambayo ni nambari ya aina ya bidhaa, na mashine nyingi sana duniani zinaitumia hiyo hiyo moja. Ukiipeleka polisi ni sawa na kusema ng'ombe wangu ni wa aina ya Friesian. Kwenye laptopu za miaka ya Windows 7 kuna karatasi ya Microsoft yenye herufi na tarakimu 25 zilizogawanywa mafungu matano. Hiyo ni ya programu. Ndani ya mipangilio ya Windows utaona pia "Product ID", nayo ni ya programu vile vile. Betri ina S/N yake. Chaja ina S/N yake. Nimewahi kuona barua nzuri sana ya kuripoti wizi, imepigwa chapa na muhuri ukawekwa, na nambari iliyoandikwa ilikuwa ya chaja. Chaja yenyewe haikuibiwa, ilikuwa bado imechomekwa ukutani.

Mara nyingi karatasi ya chini inafutika. Joto la mashine, jasho la mapajani, na kusukumwa juu ya meza kila siku, baada ya mwaka mmoja hakuna kinachosomeka. Usijali, maana kwa kawaida nambari hiyo hiyo imeandikwa pia ndani ya mashine. Vijana, andikeni hapa.

Kwa Windows, bonyeza kibonye chenye alama ya dirisha pamoja na herufi R. Kisanduku kidogo kitafunguka. Andika cmd kisha bonyeza Enter. Utaona ukurasa mweusi. Andika maneno haya kama yalivyo:

wmic bios get serialnumber

Bonyeza Enter, na nambari itatokea chini yake. Mashine yenye Windows 11 mpya, ile ya toleo la mwaka 2024 na zilizofuata, inaweza kukujibu kwamba haijui neno hilo, kwa sababu Microsoft wameanza kuliondoa. Hapo tafuta PowerShell kwenye orodha ya programu, uifungue, uandike:

Get-CimInstance Win32_BIOS

Katika mistari itakayotokea, soma ule unaoanza na SerialNumber.

Wenye HP nyingi wana njia ya mkato: bonyeza Fn na Esc pamoja, habari za mashine zitafunguka. Wenye Apple, bofya alama ya tofaa pembeni juu kushoto, chagua "About This Mac". Wenye Chromebook, mkiwa kwenye ukurasa wa kuingilia kabla hujaandika neno la siri, bonyeza Alt na V. Na kama Windows imekufa lakini mashine inawaka, iwashe huku ukigonga kibonye cha F2 kwa Dell, F10 kwa HP, au F1 kwa ThinkPad. Utaingia kwenye mipangilio ya ndani na nambari iko hapo. Ukiwa humo soma tu, usibadilishe kitu, halafu utoke bila kuhifadhi.

Ukishapata ya ndani, ilinganishe na ya chini. Zikilingana, vizuri. Zisipolingana, kuna sababu. Pengine fundi alibadilisha bodi kubwa ya ndani, na hilo si kosa. Pengine pia mwili wa mashine moja umevalishwa matumbo ya nyingine. Wakati mwingine ndani utakuta maneno "To be filled by O.E.M." au "Default string" badala ya nambari; maana yake bodi hiyo haikuandikwa nambari. Andika yote mawili katika kitabu, ya chini na ya ndani, na uandike kwamba hazilingani. Ukinyamaza, siku ya kuulizwa utaonekana umeficha.

Na soma polepole. O na 0, B na 8, S na 5 huwadanganya hata wenye macho mazuri. Bora upige picha kwa simu kwanza, uikuze, halafu uandike, na mwenzako akusomee.

Mzee mmoja hapa mbele ameniuliza swali zuri kabla hatujaanza: "Mwalimu, simu ikiibiwa polisi huifuata kwa nambari. Laptopu nayo si wataifuata vivyo hivyo?" Hapana, mzee wangu. Simu ina nambari ya tarakimu 15, ile unayoipata ukibonyeza *#06#, na mitambo ya kampuni ya simu huiona nambari hiyo kila simu inapowashwa na kupata mtandao. Laptopu ya kawaida haina laini ya simu, na nambari yake haitangazwi hewani. Kwa hivyo nambari ya mashine haiwezi kukuambia laptopu iko wapi sasa hivi. Kazi yake inaanza laptopu ikishapatikana: inasema ni ya nani. Yupo anayewauzia vijana wetu maneno kwamba atawatafutia laptopu kwa siriali wakimtumia elfu mbili. Msitume.

SIKU YA KUNUNUA

Sasa nisemeni ukweli. Ni wangapi kati yetu wamenunua laptopu mpya ya kwenye katoni? Naona mikono miwili. Wengine wote tunanunua zile za mtumba, za "ex-UK", iwe ni hapa Kisii mjini, Keroka, au tumemtuma mtu Nairobi, Luthuli Avenue. Hakuna ubaya. Wauzaji wengi ni watu wa haki wanaolisha watoto wao. Lakini kabla pesa haijatoka mkononi mwako, geuza mashine, soma nambari, iwashe, soma ya ndani. Halafu ukiwa na simu yenye intaneti, ingia kwenye ukurasa wa Dell, HP au Lenovo wenyewe, mahali pa msaada wa wateja, uandike nambari hiyo. Ni bure. Utaambiwa ni mashine ya aina gani na dhamana yake ya kiwanda ilikwisha lini. Mtu akikuambia ni ya mwaka jana, na kiwanda kinasema dhamana ilikwisha 2019, sasa mna jambo la kuzungumza juu ya bei.

Kitu kingine. Kuna mashine ambayo ukiisafisha na kuianza upya, inakuomba barua pepe ya kampuni fulani au ya chuo fulani, na haikubali kuendelea. Hiyo bado iko kwenye daftari la wenyewe. Labda ofisi iliiuza ikasahau kuiondoa, labda haikuuzwa kamwe. Muuzaji akisema "hiyo nitaitoa kesho kwa programu yangu", wewe njoo kesho na pesa yako.

Na risiti. Risiti iliyoandikwa "laptopu moja Dell 15,000/=" haikusaidii kitu, kwa sababu Dell ziko nyingi Kisii nzima. Risiti iwe na nambari ya mashine, tarehe, jina la muuzaji na simu yake. Kama ni mtu binafsi anakuuzia, hata jirani, andikianeni karatasi, iwe na nambari ya kitambulisho chake, na shahidi mmoja atie sahihi. Lipa kwa M-Pesa, ujumbe ubaki. Anayekataa kuandika jina lake kwenye karatasi amekwisha kukujibu.

Nasema haya kwa sababu ya mama mmoja aliyefika ofisini kwetu analia. Mwanawe, mwanafunzi wa chuo, alinunua laptopu kwa shilingi elfu nane usiku, kwa mtu aliyemjua kwa jina la utani tu. Haikuwa na chaja. Alitaka kufanya zile kazi za kuandika mtandaoni, alipe karo. Baada ya miezi miwili mwenyewe akaitambua, naye alikuwa na katoni yake yenye nambari. Kijana akakamatwa Ijumaa jioni, Jumatatu akafikishwa kortini. Aliyemwuzia hakupatikana mpaka leo. Upande wa mashtaka mwishowe uliondoa kesi, lakini dhamana ya pesa taslimu ilikuwa imechangwa na ukoo mzima, mtihani wa muhula ule ulipita, na laptopu ikarudi kwa mwenyewe. Elfu nane zilipotea pia.

Sheria yetu ya makosa ya jinai, Sura ya 63, kifungu cha 322, inasema juu ya kupokea au kuweka mali ya wizi: kifungo kinaweza kufika miaka 14. Lazima ionyeshwe kwamba ulijua, au ulikuwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Sasa bei ya kutupa, usiku, bila chaja, bila karatasi, na muuzaji hana jina. Hakimu akikuuliza kama hukuwa na sababu ya kushuku, utamjibu nini? Mwenye risiti yenye nambari ana la kuonyesha. Pengine bado atapoteza mashine, kwa maana mwizi hawezi kukupa haki ambayo yeye mwenyewe hana, lakini atamfahamu wa kumdai.

KITABU CHA MALI

Kila kikundi kiwe na kitabu cha mali, tofauti na kile cha mikopo. Kitabu cha kawaida cha duka kinatosha. Mchore mistari: tarehe, aina ya mashine, nambari yake, ilitoka wapi, bei, na nani anaiweka. Msihifadhi orodha hiyo ndani ya laptopu yenyewe. Mnacheka, lakini ndivyo wengi wanavyofanya, na mwizi akichukua laptopu amechukua na ushahidi. Picha ya nambari iwe kwenye simu za watu wawili, mwenyekiti na katibu. Katoni msiwashie moto. Kata ule upande wenye nambari, uhifadhi na risiti.

Mkipewa zawadi, ombeni barua fupi kutoka kwa mtoaji, iwe na nambari. Wafadhili hawakasiriki, wao kwao mali yote ina orodha. Mkiuza au mkimpa mtu, futeni kwa mstari mmoja na mwandike tarehe na jina la aliyeichukua. Hilo ni la maana kama kununua, kwa sababu mashine ikikutwa katika uovu huko mbele, nambari itafuatwa nyuma hadi kwenu.

Wale mnaokopeshana kwa dhamana ya vitu, mnajua kwamba tangu sheria ya mwaka 2017 juu ya mali inayohamishika, hata cherehani na kompyuta zinaweza kuwekwa dhamana rasmi. Bila nambari kwenye mkataba, mtu ataweka dhamana laptopu nzima, na siku ya kushindwa kulipa awaletee iliyovunjika kioo. Mtakataa vipi?

Ile karatasi ya chini ya mashine, ifunikeni kwa selotepu nyeupe inayoonyesha, isifutike. Na kama mna mtu wa mkono mzuri, achore jina la kikundi chini ya mashine kwa ncha kali. Huku kwetu hatukosi. Wale wachongaji wa mawe ya sabuni wa Tabaka wanachora twiga mwenye madoa kwenye kijiwe kidogo kama kidole, herufi sita kwenye plastiki zitawashinda? Mashine izimwe kwanza na betri iwe imetoka, na asitoboe.

Siku mashine ikiibiwa, nendeni kituo cha polisi siku hiyo hiyo, na mpeleke kitabu. Mwambie afisa aandike nambari ya mashine ndani ya OB, msiridhike na "laptopu nyeusi". Mwombe kwa upole akusomee alichoandika. Kisha uchukue nambari ya OB na uiandike kitabuni kando ya mashine iliyopotea. Kuandikisha ni bure. Mjulishe naibu chifu na watu wa Nyumba Kumi pia, na wauzaji wa mtumba mnaowaamini, muwape nambari hiyo. Muuzaji mwaminifu anafurahi kupata orodha ya vitu asivyotaka kuvinunua.

Kama tayari imekwisha kuibiwa na hukuwa umeandika, jaribu risiti, katoni, karatasi ya dhamana, au rudi dukani. Maduka mengine huandika nambari katika nakala yao. Wenye Apple wataikuta kwenye akaunti yao ya Apple wakiingia kwa mashine nyingine. Usipoipata kokote, ripoti hata hivyo, na ueleze kila alama unayoikumbuka.

Basi, mlioambiwa mje na mashine, zitoeni kwenye mikoba sasa. Stima ipo, na waya ya kuunganishia iko pale karibu na mlango. Vijana wawili wawili, mmoja asome, mwingine aandike, halafu mbadilishane. Za zamani zenye betri ya kutoka zije meza hii yangu. Mama Katibu, hicho kitabu kipya kiko wapi? Tuanze na kikundi kilichotoka mbali zaidi, wawahi matatu.